Heart of Darkness: maneno ya sifa yanavyomtega msomaji Mkongomani

Mwanafunzi Mkongomani anayefungua riwaya ya Heart of Darkness huhangaika zaidi na maneno ya sifa kuliko sarufi. Kamusi ya Kifaransa inampa maana ya kila neno, lakini haimwambii kwa nini mwandishi alichagua hilo na kuacha lingine.

Riwaya hiyo ilianza kutoka mwaka wa 1899 katika jarida moja la Uingereza. Mwandishi wake, Joseph Conrad, alikuja Congo mwaka wa 1890. Alitembea kwa miguu kutoka Matadi hadi Kinshasa, kisha akapanda mto kwa meli ya mvuke hadi Kisangani ya leo. Conrad naye alijifunza Kiingereza ukubwani, baada ya Kipolandi na Kifaransa.

Ugumu uko wapi? Chukua mtu mwembamba. Mwingereza akimwita "slim" anamsifu, akimwita "thin" anaeleza tu, akimwita "skinny" anamdharau kidogo. Mwili ni uleule, ila jicho linalouangalia limebadilika.

Ndivyo ilivyo kwa neno "dark". Ni giza la usiku, lakini pia ni uovu na jambo lililofichika. Conrad analirudia kwa mto, kwa msitu na kwa moyo wa binadamu, mpaka nchi yenyewe inaonekana kama kosa.

Mwaka wa 1948, mhakiki Mwingereza F. R. Leavis alilalamika kwamba Conrad anarundika sifa kama "inscrutable", lisilochunguzika, na "unspeakable", lisilosemeka, bila kuonyesha kitu chenyewe. Mwaka wa 1975, katika mhadhara nchini Marekani, Chinua Achebe wa Nigeria alikwenda mbali zaidi. Alisema riwaya hiyo inawanyima Waafrika ubinadamu. Wapo wanaomtetea Conrad kwa kukumbusha kwamba anayesimulia ni mhusika wake Marlow, na kwamba kitabu kinalaani unyang'anyi wa pembe za ndovu.

Mabishano hayo hayafuatiki kwa kamusi peke yake. Kwa kila sifa, msomaji ajiulize mambo matatu: nani anasema? Ni neno gani jirani lililoachwa? Na nani hapewi sifa hiyo kamwe?

Bila maswali hayo, kijana wa Kisangani anaweza kusoma maelezo ya mto wa kwao, akapata alama nzuri ya mtihani, na asitambue kwamba babu zake wametukanwa.