Mzee Akipata Ahueni

Wengi hudhani kwamba taabu ya kumuuguza mzazi mwenye maradhi ya figo iko katika zile siku za awali, miguu inapojaa maji hata viatu vikamkataa, uso ukavimba kila alfajiri, na chakula alichokipenda maisha yake yote kikawa kinamtia kichefuchefu. Lakini mimi, niliyemtazama baba yangu mzazi katika nyumba yetu ya hapa Mandewa, Singida, tangu alipozidiwa hadi sasa, anapofungulia kuku mwenyewe na kuwakemea mbuzi wa jirani, nimeyakinika kwamba siku za hatari hasa ni hizi za ahueni. Mgonjwa aliyelala hutii. Aliyeinuka huvitazama vidonge vyake, akawauliza walio karibu naye vina haja gani tena.

Figo ni kiungo kisicholalamika. Kila moja, ambayo ukubwa wake haupiti ngumi ya mwenyewe, ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, na zote mbili kwa pamoja huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, ambazo karibu zote hurudishwa mwilini, likabaki salio la lita moja na nusu au mbili hivi ambalo ndilo mkojo. Vichujio vikifa havizaliwi upya. Vilivyosalia huubeba mzigo wa wenzao bila kumwarifu mwenye mwili, hata aghalabu mtu huja kutambua kwamba ni mgonjwa ilhali sehemu kubwa ya figo imekwisha kupotea. Basi ahueni ya baba yangu si kwamba figo zake zimerudi ujanani, bali ni kwamba presha imeshuka ikatulia, maji yaliyozidi yametoka, damu imeongezeka, na kile kipimo cha kreatinini kilichokuwa kikipanda kila tulipokwenda kliniki sasa kimesimama pale pale. Kusimama pale pale, kwa maradhi ya namna hii, ni neema kubwa, ingawa si habari ya kumridhisha jirani aliyekuja kumjulia hali mzee naye anataka kusikia kwamba amepona.

Bahati yetu sisi watu wa Mandewa ni kwamba majengo mapya ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida yamejengwa katika kata hii hii, hivyo kwenda kupima si safari ya kukopea nauli. Lakini tabibu humwona mgonjwa kwa dakika chache, kisha humrudisha jikoni, na jiko la Singida lina mitego yake. Mlenda wetu, uliwao kwa ugali wa mtama au wa uwele, mara nyingi hupikwa kwa magadi. Maharage magumu nayo hulainishwa kwa magadi. Na magadi, ijapokuwa ulimi hauyatambui kuwa ni chumvi, yamejaa sodiamu ile ile iliyomo katika chumvi, ambayo huyazuia maji mwilini na kuipandisha presha. Mtu anaweza kukiondoa kikopo cha chumvi mezani mbele ya mashahidi, na presha ikaendelea kupanda kwa mlango wa magadi. Dada yangu, mwenye mamlaka ya jiko, alikata shauri la kuupika mlenda bila magadi na kuutafutia ladha kwa vitunguu, ambavyo mkoa huu haujapata kuvikosa, na baba katika siku za mwanzo aliula kama mfungwa anayetumikia adhabu ya mtu mwingine. Siku hizi huula bila maneno. Sisemi kwamba huufurahia.

Kisha kuna nasaha za watu wema, na hizi ndizo ngumu kuzikataa, maana zatoka katika mapenzi. Mmoja humwambia, “Kunywa maji mengi, mzee wangu, uzisafishe figo,” naye hasemi uongo kwa mtu mwenye siha anayefanya kazi juani katika nchi kavu kama hii yetu. Lakini mtu ambaye figo zake zimeshindwa kuyatoa maji, akiyanywa bila kiasi alichopewa na tabibu, humwishia miguuni na mapafuni. Mwingine humletea mizizi ya kuchemsha isiyojulikana kipimo chake. Zaidi ya hao wote, adui mkubwa wa figo za baba yangu ni magoti yake mwenyewe, yaliyochakazwa na kilimo cha jembe la mkono, kwa kuwa magoti yakiuma hutaka diklofenaki au ibuprofeni, na dawa hizo, zinazouzwa madukani bila muuzaji kuuliza swali, hupunguza damu inayofika katika figo na kuzidhuru figo ambazo tayari ni dhaifu.

Mashine ya kusafishia damu, ambayo kutajwa kwake tu huwatia wazee wetu hofu, ilibuniwa na tabibu Mholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, katika mji wa Kampen, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, naye akatumia utando ule wa kufungia soseji kwa kuwa vifaa vilikuwa adimu. Takriban wagonjwa wake wote wa mwanzo walifariki. Aliyeokoka, mwaka 1945, alikuwa mwanamke wa miaka 67, jambo ambalo humpendeza sana baba yangu kila nikimhadithia, kwa sababu amechoka kuambiwa kwamba tiba kubwa ni za vijana. Hapa kwetu, kabla ya Hospitali ya Taifa Muhimbili kupandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma kufuata mwaka 2018, wagonjwa waliohitaji kupandikizwa walipelekwa India. Baba hajafikia mashine, wala hatuna haraka ya kumfikisha: kusafishwa damu aghalabu ni mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi, na familia isiyo na bima huweza kuuza shamba kabla msimu haujageuka.

Lililomwokoa na uasi wa ahueni, kwa maoni yangu, ni daftari. Baba ni mwalimu mstaafu, na mjukuu wake alipomfundisha kujipima presha, alianza kuziandika namba zake kila asubuhi, akaacha kuwa mgonjwa anayelindwa akawa mkaguzi anayetulinda sisi. Juzi namba ilipanda. Akaitisha kikao cha nyumba nzima, akamhoji kila aliyeshika mwiko, dada yangu akaapa kwamba jiko lake halina hatia, na baada ya mahojiano marefu ikabainika kwamba mzee mwenyewe alipita kwa rafiki yake wa zamani akala nyama ya kuchoma, tena ile ya kuchovya kwenye chumvi. Alinyamaza kidogo. Kisha akalifungua daftari, akaiandika nyama hiyo kando ya namba, kwa kalamu nyekundu, akaipigia mstari, akatutaka tutie saini kwamba tumeona.