Japani na Brazili: Uhusiano Uliojengwa na Wahamiaji

Japani na Brazili zilianzisha uhusiano wa kidiplomasia mwaka 1895, kwa mkataba wa urafiki na biashara uliotiwa saini Paris, lakini uhusiano huo ulipata uzito baada ya tarehe 18 Juni 1908, meli ya Kasato Maru ilipotia nanga Santos ikiwa na wahamiaji 781 waliokwenda kufanya kazi kwa mkataba katika mashamba ya kahawa ya São Paulo. Brazili, iliyokomesha utumwa mwaka 1888, ilihitaji vibarua, ilhali vijiji vingi vya Japani vilielemewa na ufukara.

Ndivyo ilivyozaliwa diaspora, yaani jamii inayoishi mbali na nchi ya asili yake bila kuisahau, ambayo hunufaika serikali mbili zinapoelewana na huumia zinapokosana. Brazili ilipokata uhusiano na Japani mwezi Januari 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wahamiaji walianza kutazamwa kama maadui, na mwaka 1943 familia za Kijapani za Santos ziliamriwa kuihama pwani ndani ya saa 24, dhuluma ambayo dola la Brazili liliiombea radhi mwaka 2024.

Uhusiano ulirejeshwa mwaka 1952, na miongo minne baadaye mkondo wa wahamiaji uligeuka. Viwanda vya Japani vilipopungukiwa na wafanyakazi, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1990 iliwafungulia milango wazao wa wahamiaji hadi kizazi cha tatu, na kufikia mwaka 2007 Wabrazili zaidi ya 300,000 walikuwa wakiishi Japani, wengi wao katika miji ya viwanda kama Hamamatsu.

Uhamiaji huo ulizaa masuala ambayo mabalozi wa mwaka 1895 hawakuyawazia, likiwemo la pensheni. Mfanyakazi aliyechangia miaka 12 Japani, ambako sharti wakati huo lilikuwa miaka 25, na miaka 13 Brazili, ambako sharti lilikuwa miaka 15, angeweza kuzeeka bila mafao popote. Makubaliano ya hifadhi ya jamii yaliyoanza kutekelezwa Machi 2012 yanaruhusu vipindi hivyo kujumlishwa, kila nchi ikilipa sehemu inayolingana na michango iliyopokea. Kwa hiyo wazao wa vibarua wa kahawa ndio walioilazimisha diplomasia ishughulike na maisha ya mtu wa kawaida.