Ini Linasingiziwa Kosa la Misuli

Swali ni lilelile, litoke Loresho au ng'ambo ya Barabara ya Waiyaki kule Kangemi: dawa gani inasafisha ini? Muulizaji ameshika karatasi ya maabara. AST na ALT, vimeng'enya vinavyotazamwa kupima ini, zimepanda, naye ameambiwa ini limechafuka. Hakuna aliyemuuliza kwa nini kupanda ngazi ya matatu kunamshinda, au kwa nini mkono unachoka kabla hajamaliza kuchana nywele.

Ini si chujio la kuoshwa kwa chupa ya shubiri na mwarobaini. AST na ALT zimo pia ndani ya misuli. Kinga ya mwili ikiigeukia misuli, seli zake huharibika na kumwaga vimeng'enya hivyo kwenye damu. Kabla ya kulitaja ini, ipimwe CK, kimeng'enya cha misuli. Katika polimiositi, aina mojawapo ya ugonjwa huu wa misuli, inaweza kufika mara 50 ya kiwango cha juu cha kawaida. GGT, kimeng'enya cha ini kisichotoka kwenye misuli, nayo ipimwe; ikiwa sawa, shaka juu ya ini inapungua sana.

Chupa ile haisafishi chochote. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini kwelikweli, na hapo majibu ya maabara humchanganya hata daktari makini. Wakati huohuo misuli inakufa, mafuta yanachukua nafasi yake, na nguvu iliyopotea hivyo hairudi. Kumuuzia mgonjwa huyu dawa ya ini miezi mitatu ni kumnyang'anya miguu yake.

Ngozi nayo husema. Vipele vilivyoinuka juu ya vifundo vya vidole, pamoja na kope za juu zenye rangi ya zambarau, ni dalili za dematomiositi, aina ya ugonjwa huu inayogusa ngozi pia. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo huonekana kama weusi uliokolea, na mgonjwa huishia kupewa krimu ya fangasi.

Basi: CK kwanza, ingawa ikiwa ya kawaida haiondoi dematomiositi. Kisha vipimo vya kingamwili, umeme wa misuli, MRI, na kipande cha msuli chini ya hadubini. Watafiti Bohan na Peter walishaweka vigezo vya kuutambua ugonjwa huu tangu 1975. Madaktari bingwa wa maradhi haya wapo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Aga Khan, Parklands. Predinisoloni, dawa ya steroidi, isinunuliwe kiholela. Huweza kuficha ushahidi wa ugonjwa. Ugonjwa ukithibitishwa, daktari huitumia pamoja na methotrekseti au azathioprini, na mazoezi. Mtu mzima mwenye dematomiositi achunguzwe saratani. Anayepaliwa na chakula au kukosa pumzi asingoje miadi: aende kitengo cha dharura leo.