Anwani ya 16: ahadi ya mwaka 1964 ndani ya kompyuta kuu

Kila ninapowaambia ndugu na jamaa kwamba kazi yangu huku Marekani ni kukesha na kompyuta kuu, swali la kwanza ni lile lile: kumbe hizo bado zipo? Zipo. Mabenki, mashirika ya ndege na ya bima yanazitegemea mpaka leo, na nyingi huendeshwa na mfumo endeshi wa IBM uitwao z/OS. Nimeahidi mara nyingi kueleza ndani yake kukoje.

Nianze na usiku mmoja. Ilikuwa saa nane, kazi ya kuandaa mishahara ikakatika, na kwenye skrini ikabaki alama S0C7. Aliyeuzoea mfumo huu akiiona alama hiyo anajua: programu imetaka kupiga hesabu kwa kitu ambacho si namba. Nikafungua ripoti inayoonyesha kumbukumbu ilivyokuwa pale programu ilipoanguka, nikafuata mstari kwa mstari hadi kwenye saa za kazi za mfanyakazi mmoja. Palipotakiwa tarakimu paliandikwa 404040. Katika EBCDIC, utaratibu wa z/OS wa kuandika herufi, 40 ni nafasi tupu. Mtu hakujaza. Namba za aina ile lazima ziishie na alama ya chanya au hasi, na ile sifuri ya mwisho haimo katika alama zinazokubalika. Prosesa ikagoma.

Lakini kazi nyingine zote zilizokuwa zikiendelea usiku ule hazikutikisika hata kidogo. Mfumo ulifunga mafaili ya ile iliyoanguka, ukarudisha kumbukumbu yake, ukaendelea. Hapo ndipo uzuri wa mfumo huu ulipo.

Tangu toleo la mwaka 1974 la MVS, mtangulizi wa z/OS, kila kazi hupewa eneo lake la kumbukumbu, nayo hujiona kama imeachiwa mashine nzima. Anwani moja ya eneo hilo binafsi ndani ya kazi mbili ni sehemu mbili tofauti kabisa. Tena kuna kufuli. Kila kipande cha kilobaiti 4 cha kumbukumbu halisi kina namba ya ufunguo, kuanzia 0 hadi 15, na prosesa hubeba ufunguo wa programu inayoiendesha wakati huo. Programu za kawaida hutumia ufunguo wa 8. Kiini cha mfumo hutumia 0, ambao hufungua kila mlango. Programu ikijaribu kuandika mahali ambapo ufunguo wake haulingani, husimamishwa papo hapo kwa alama S0C4. Ukaguzi huu hufanywa na mashine yenyewe, kila inapoandika, na mwandishi wa programu hawezi kuuruka kwa bahati mbaya.

Kusoma na kuandika kwenye diski ni habari nyingine. Prosesa haikai kungoja: huikabidhi chaneli, yaani kifaa cha pembeni kinachosafirisha data, orodha ya maagizo, ikaenda kuhudumia kazi nyingine, na chaneli ikimaliza hubisha hodi. Kila hodi ikipigwa, mfumo huhifadhi ilipoishia kazi ya sasa, kisha hutazama nani mwenye haki zaidi ya kupewa prosesa. Ndiyo maana mashine moja inaweza kubeba shughuli za benki nzima.

Sasa tuje kwenye chimbuko. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360. Kabla ya hapo, mteja akihamia mashine kubwa zaidi mara nyingi ililazimu programu zake ziandikwe upya. IBM ikaahidi kwamba programu iliyoandikwa kwa mashine ndogo ya familia hii itafanya kazi kwenye kubwa. Ahadi hiyo haijavunjwa, na mambo mengi yanayomshangaza mgeni yametokana nayo. Mistari ya JCL, lugha ya kuagizia kazi, bado ina safu 80 kwa sababu kadi ya matundu ilikuwa na safu 80.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa biti 31. Anwani za mwanzo zilikuwa na biti 24, zinazotosha megabaiti 16 tu, ila zilihifadhiwa katika nafasi ya biti 32. Waandishi wa programu wa wakati ule, ambao kumbukumbu kwao ilikuwa ghali mno, wakazitumia zile biti 8 zilizobaki kuwekea alama zao. Miaka ya 1980 IBM ilipotaka kupanua, haikuweza kuzichukua zote 32. Ikachukua 31, na moja ikaachwa itofautishe programu ya kale na mpya. Ndiyo sababu ukomo ukawa gigabaiti 2 badala ya 4. Biti 64 zilikuja baadaye, na programu za biti 24 bado zinafanya kazi kando yake.

Katika OS/360, mfumo endeshi wa System/360 uliokuja kuzaa z/OS, mtu aliyetaka kujua mfumo umeweka wapi majedwali yake muhimu alianzia anwani ya 16, ambako kuna kielekezi cha jedwali kuu liitwalo CVT. Fungua z/OS leo, tazama anwani ya 16. Utakikuta pale pale.