Sauti Safi Katika Gari la Nyumbani

Gari la nyumbani siku hizi si chombo cha safari tu. Ndani yake watoto husikiliza kisomo cha Kurani Tukufu wakipelekwa shule, na wazazi husikiliza habari na mawaidha wakienda kazini au wakirudi sokoni. Basi si jambo dogo ikiwa sauti itokayo katika redio ya gari yakwaruza, au yavuma kama ya mtu asemaye ndani ya mtungi. Wengi waonapo hivyo hukimbilia dukani, wakanunua kitu kikubwa chenye taa nyingi, na mwisho wake hupata kelele zaidi badala ya sauti bora. Twapenda kueleza kinachoiharibu sauti hiyo, na utaratibu wa kuitengeneza, ili fedha ya nyumba isipotee bure.

Natuchukue kwa mfano gari la mkazi wa Lizaboni, katika Manispaa ya Songea. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni yapata kilomita 950, kwa njia ya Iringa, Makambako na Njombe. Magari mengi ya mji huo, kama yalivyo mengi nchini mwetu, yalitumika kwanza Japani, kisha yakaletwa kwa meli. Redio zilizomo ziliundwa kwa ajili ya Mjapani, wala si kwa ajili ya msikilizaji wa Ruvuma. Hapo ndipo taabu ya kwanza inapoanzia.

REDIO YA NCHI NYINGINE

Huko Japani matangazo ya FM yalipewa nafasi baina ya megahezi 76 na 90. Nafasi iliyo juu ya hapo ilikuwa ya televisheni, mpaka televisheni ya mtindo wa zamani ilipozimwa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo mwezi wa Julai 2011. Baadaye, tangu mwaka 2014, redio za huko zikaanza kuongezewa nafasi hadi megahezi 95. Sisi Tanzania twatumia baina ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya gari la zamani kutoka Japani yasikia kipande kidogo tu cha matangazo yetu, na stesheni zilizobaki ni kana kwamba hazipo.

Mafundi huitibu kasoro hii kwa kisanduku kidogo kiitwacho ekspanda, ambacho hufungwa baina ya antena na redio. Kazi yake ni kuyateremsha masafa: ikiwa chateremsha kwa megahezi 20, stesheni iliyo 98 huonekana katika redio kwenye 78. Ni dawa rahisi, na yafaa. Lakini kila kitu kipitacho mkono wa pili huacha sehemu njiani. Ekspanda dhaifu huongeza mikwaruzo, hasa gari linapokuwa mbali na mnara wa matangazo au nyuma ya vilima.

Yafaa basi, kabla ya kuilaumu spika, mwenye gari afanye jaribio moja. Acheze katika redio ileile kisomo au hotuba anayoijua vizuri, kwa flashi au kwa waya kutoka katika simu. Ikiwa hapo sauti ni safi na katika matangazo yakwaruza, ugonjwa uko katika antena, kutu ya viungo vyake, au ekspanda. Ikiwa sauti ni mbaya katika hali zote mbili, ndipo tuziangalie spika.

Katika jaribio hilo asitumie kile kifaa kichomekwacho penye kiwashia sigara, ambacho huichukua sauti ya simu na kuirusha hewani ili redio iipokee kama stesheni. Hicho nacho ni mkono wa pili. Njia ya waya ni bora, na baada yake Bluetooth. Hali kadhalika, kisomo kilichobanwa mno ili kichukue nafasi ndogo katika simu kimekwisha kupoteza sehemu ya sauti yake. Hapana spika duniani iwezayo kukirudisha kilichokwisha kutupwa.

KWA NINI HERUFI ZAPOTEA

Huenda msomaji akauliza: ikiwa maneno yasikika, kuna hasara gani? Hasara ni hii. Uzito wa sauti ya msomaji hukaa katika mitetemo ya chini, lakini kinachoipambanua herufi moja na nyingine, hasa zile zitokazo kwa mvuma wa pumzi kati ya ulimi na meno, hukaa juu, katika maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Simu za zamani zilikata sauti yote iliyozidi mitetemo kama 3,400, na ndiyo sababu mtu akitaja jina lake kwa simu, F na S zilichanganyika.

Sasa mfikirie mtoto ajifunzaye Kurani kwa kusikiliza ndani ya gari. Sini, swadi na the ni herufi tatu mbalimbali, na kuzichanganya kwaweza kugeuza maana. Ikiwa spika imechakaa na sauti nyembamba haitoki, mtoto husikia herufi moja mahali pa tatu, naye atasoma kama alivyosikia. Mwalimu wake wa chuo atataabika kukirekebisha kile ambacho redio imekifundisha kila asubuhi. Usafi wa sauti, basi, si anasa ya vijana tu.

HESABU YA WATI

Katika uso wa redio nyingi pameandikwa "wati 50 mara 4". Mnunuzi huamini, akapita kutafuta spika kubwa ya kufanana nazo. Na tuihesabu. Umeme wa gari, injini ikiwa yawaka, ni kama volti 14.4; spika ya kawaida ina omu 4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, kisha gawanya kwa 4: wapata takriban 52. Lakini wati hizo hupatikana pale tu redio inapokuwa imesukumwa hadi sauti yote imekatika ncha na kuwa makelele. Sauti iliyo safi haiwezi hata kufika nusu ya kiasi hicho vizuri. Kwa kawaida ni wati 15 hadi 20 kwa kila spika.

Tena sikio halihesabu kama mfuko. Ukiziongeza wati mara mbili, wapata desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Ili sauti ionekane imeongezeka maradufu yahitaji wati mara 10. Kwa sababu hiyo mtu anunuaye spika atazame ile namba ya desibeli kwa wati moja kabla ya namba kubwa ya wati. Spika ya desibeli 90 hutoa kwa wati moja kiasi kile kile ambacho spika ya 87 hukitoa kwa wati 2. Kwa redio ndogo ya kiwandani, ya kwanza ndiyo rafiki.

Sheria hii yahusu pia vitufe vya sauti nzito na nyembamba. Apandishaye besi kwa desibeli 10 aidai redio yake nguvu mara 10 katika sehemu hiyo, nayo haina. Hapo sauti hukatika, na spika ndogo za juu, ziitwazo twita, huungua. Weka vitufe katikati. Na kitu kikizidi, kipunguze hicho, wala usikiongeze kingine ili kukifunika.

MLANGO KABLA YA DUKA

Sehemu dhaifu kuliko zote katika gari litokalo kiwandani kwa kawaida si redio. Ni spika zenyewe, ambazo nyingi ni za karatasi nyepesi na sumaku ndogo, na mlango zilimofungwa. Jua na miaka huzila kingo zake zikapasuka. Vumbi na unyevu hufanya yaliyobaki.

Kwanza zikaguliwe waya. Kila spika ina ncha ya kujumlisha na ncha ya kutoa. Fundi akizigeuza katika spika moja tu, hiyo husukuma hewa wakati mwenzake yavuta, na sauti nzito hufa. Jaribio lake ni jepesi: peleka sauti upande mmoja wa gari, kisha irudishe katikati. Ikiwa besi ni nzito zaidi kwa upande mmoja kuliko kwa pande zote mbili, waya zimegeuzwa. Kwa uhakika, iondoe spika katika redio na uigusishe betri ndogo ya volti 1.5 kwa nukta moja. Ikiwa karatasi yatoka nje, basi ncha iliyoguswa na upande wa kujumlisha wa betri ndiyo ya kujumlisha.

Pili, mlango. Spika isukumapo hewa mbele, huivuta nyuma. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu ya bati la ndani, hubatilishana. Mlango wenye matundu ni ngoma iliyotoboka. Mafundi huyaziba kwa bati jembamba na utandu wa mpira ubandikwao, na huubandika pia ndani ya bati la nje ili lisitetemeke. Spika nayo ikazwe kwa skrubu zote katika pete imara, wala isining'inie. Lakini vitundu vilivyo chini kabisa ya mlango visizibwe kamwe. Songea mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, na maji yaingiayo kwa ukingo wa kioo hutokea hapo. Ukiviziba, utapata sauti nzuri kwa mwaka mmoja na kutu kwa miaka yote iliyobaki.

Baada ya hayo tu ndipo zinunuliwe spika mpya, na za mbele zitangulie, maana ndizo zinazoelekea masikioni. Fundi asikate plagi ya kiwandani; atumie ya kuunganishia, ili gari liweze kurudi kama lilivyokuwa. Na waya zenye plagi za njano zisiguswe, kwa kuwa kwa kawaida ni za mifuko ya hewa iokoayo maisha wakati wa ajali.

AMPLIFAYA NA HATARI YA MOTO

Atakaye amplifaya ajue kwamba sasa achezea umeme mwingi. Amplifaya ivutayo wati 300 huchukua kama ampea 25 katika volti 12. Waya wake wa betri uwe mnene, na fyuzi iwe karibu na betri, isizidi nusu mita. Fyuzi iliyofungwa nyuma karibu na amplifaya hailindi waya upitao chini ya viti. Ukichubuka na kugusa bati, betri yote humwagika hapo, na gari huwaka. Fundi asemaye fyuzi si lazima, na aachwe aende zake.

Waya wa athi ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Mara nyingi mvumo upandao na kushuka pamoja na mwendo wa injini hutokana na athi mbovu, au na waya wa sauti uliolazwa pamoja na waya wa umeme. Na tusisahau kwamba, injini ikizimwa, ampea 25 zaweza kuimaliza betri ya gari dogo katika muda usiofika saa mbili.

HAKI YA SIKIO NA HAKI YA JIRANI

Wataalamu wa afya ya kazini huhesabu kwamba sikio laweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kwa kila desibeli 3 zizidizo, muda hupungua kwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100 ni robo saa. Kutoka Songea hadi Makambako ni karibu kilomita 300, safari ya saa nyingi, na mtoto aliyeketi nyuma karibu na sabufa hana uwezo wa kuteremka. Uziwi wa namna hii huja polepole, nao ukishaingia hauponi.

Jirani naye ana haki. Luqman alimwusia mwanawe juu ya kupunguza sauti, na wosia huo umo katika sura yenye jina lake. Serikali nayo ilitoa mwaka 2015 kanuni za kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hata kisomo, kikipigwa kwa nguvu usiku wa manane mlangoni pa mgonjwa, humfikia kama udhia.

Kwa hiyo mwenye gari wa Lizaboni, na wa kwingineko, ashike utaratibu huu: ajaribu kwanza, kisha antena na ekspanda, kisha waya, kisha mlango, kisha spika za mbele, amplifaya iwe ya mwisho, na kwa wengi haitahitajika. Hatua za mwanzo hazigharimu ila jioni moja na bisibisi. Na alama ya kazi njema ni hii: sauti ikiwa ndogo, na gari likienda, kila herufi yasikika. Wabillahi tawfiki.