Simu za Mezani kwa Ofisi Inayopokea Simu Nyingi: Yapi ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Ofisi ya wakala wa forodha mjini Tunduma haina saa ya utulivu. Dereva aliye kwenye foleni ya malori anauliza kama nyaraka zake zimepita. Mwenye mzigo aliye Lusaka au Lubumbashi anataka kujua lori limefika wapi. Karani aliye upande wa Nakonde anasubiri jibu. Simu isipopokelewa, lori hulala mpakani, na gharama ya siku hiyo huangukia mtu. Ndiyo maana baadhi ya ofisi hizi, kama zilivyo kampuni za mabasi na usafirishaji, huweka dawati maalumu la watu wawili, watatu au hata wanane wa kupokea simu za wateja.

Kosa la kawaida ni kuchagua simu kwa umbo na bei kabla ya kujua itaunganishwa na nini. Simu za mezani zipo za aina tatu: ya waya wa laini ya kawaida, inayotumia laini ya simu kama ya mkononi, na inayopitisha sauti kwenye intaneti. Zinafanana sana kabatini, lakini moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine.

Simu ya mezani inayotumia laini ya mkononi hupendwa kwa sababu haihitaji fundi. Kwa mnunuzi wa Tunduma, hata hivyo, ina jambo la pekee. Mji umepakana na Nakonde, na mawimbi ya minara ya Zambia hayasimami kwenye mstari wa mpaka. Kifaa kilichoachwa kijitafutie mtandao chenyewe kinaweza kushika mtandao wa upande wa pili. Hapo ofisi huenda ikapoteza huduma, au ikatozwa kama mtu aliye nje ya nchi, hali karani hajanyanyuka kitini. Hakikisha kwamba simu unayonunua inaruhusu kuchagua mtandao kwa mkono, na uijaribu pale pale dawati litakapokaa, si dukani. Epuka pia simu zilizotumika za teknolojia ya CDMA: hazitakubali laini za mitandao ya leo, hata ziwe rahisi kiasi gani.

Laini zisajiliwe kwa jina la kampuni. Namba iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mfanyakazi ni yake mbele ya mtoa huduma. Akiondoka, wateja wote waliozoea namba hiyo huondoka naye. Na kama mtandao uliouchagua haukufai, tangu Machi 2017 unaweza kuhamia mtandao mwingine wa simu za mkononi bila kubadili namba.

Dawati la watu watano na zaidi kwa kawaida hunufaika na simu za intaneti, kwani simu inayoingia huweza kuwekwa kwenye foleni, kuhamishiwa kwa mwingine au kurekodiwa. Wengi hudhani zinahitaji intaneti ya kasi kubwa. Mazungumzo mamoja yenye sauti safi hutumia takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, hivyo manane kwa pamoja hayafiki megabiti moja. Tatizo huwa ni kugombania njia: nyaraka kubwa zinapopakiwa kwenye mfumo wa forodha, sauti hukatika. Mwambie fundi aipe sauti kipaumbele kwenye ruta. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, wazungumzaji huanza kukatizana kauli. Ukirekodi mazungumzo, mjulishe mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu sauti yake pia.

Umeme ukikatika, ruta na simu zake hunyamaza pamoja. Betri ya akiba inayobeba vyote viwili ina manufaa kuliko skrini ya rangi. Vivyo hivyo tundu la hedifoni zenye maiki: anayepokea simu kutwa nzima huku akiandika hawezi kubana mkono wa simu begani, na shingo yake itamwambia hivyo kabla ya mwezi kwisha.

Kabla ya kulipia simu inayotumia laini, bonyeza *#06# au soma kibandiko kilicho chini yake, kisha tuma namba ya utambulisho kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakuonyesha kama kifaa kinalingana na maelezo ya muuzaji. Dai risiti na dhamana iliyoandikwa, yenye tarehe. Huduma ikiharibika, lalamika kwanza kwa mtoa huduma wako na utunze kumbukumbu ya lalamiko hilo. Asipokuridhisha, lifikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo kwa wakazi wa Songwe ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya.