Jirani amefiwa na misa iko kanisani: Mwislamu afanyeje?

Leo nataka kusema jambo ambalo sisi watu wa Pwani tunaoishi Nairobi hulizungumza kwa kunong'ona tu: hofu ya kuingia kanisani.

Nilikuja bara na stashahada yangu ya uhasibu, nikapanga nyumba ghorofani, mtaa wa Umoja, huku Eastlands. Mlango wa pili alikaa mama mmoja Mkatoliki. Usiku mke wangu aliposhikwa na uchungu, mama huyu ndiye aliyebaki na mwanetu wa kwanza siku mbili mpaka tukarudi kutoka hospitali. Ramadhani ikiingia aliwakanya wanawe wasile kwenye ngazi tunapopita. Kisha kijana wake mmoja akafariki. Misa ya wafu ikapangwa kanisani, halafu mwili usafirishwe kwao magharibi.

Nilivaa, nikafika langoni, nikaganda. Nilisimama juani misa nzima nikijifanya napiga simu. Watu walipotoka, mama aliniona. Hakunilaumu. Alisema tu: "Jirani, nilikutafuta ndani."

Neno lile lilinikaa kooni. Nilipokaa kulichambua, nikaona sikuwa na hofu moja. Nilikuwa nazo tatu, nami zote nilizipa jina la dini.

Ya kwanza kweli ni ya dini. Maulamaa wamekhitilafiana. Wapo waliochukia Mwislamu kuingia kanisani, hasa penye picha na sanamu. Wapo walioruhusu, na katika madhehebu yetu ya Shafii wapo walioshikilia kwamba lazima wenyewe wakupe idhini. Nilimwendea shekhe wetu wa mtaa. Akanikumbusha mambo mawili. Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopitishwa mbele yake, na alipoulizwa, akajibu kwamba yule naye ni nafsi. La pili, wanahistoria wanasimulia kwamba Sayyidna Umar alipofika Baytul Maqdis katika karne ya 7, alialikwa kuswali ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Akatoka akaswali nje, asije Mwislamu wa baadaye akalidai kanisa kwa sababu Umar aliswali humo. Shekhe akaniambia: nenda ukawape pole walio hai, ibada yao waachie wenyewe. Wewe muulize shekhe wako, lakini muulize mapema, usingoje siku ya msiba.

Hofu ya pili ni ya macho ya watu. Tarehe 30 Septemba 2012, guruneti lilirushwa katika kanisa la Kianglikana la St Polycarp, barabara ya Juja, watoto wakiwa katika masomo yao ya Jumapili. Mtoto mmoja akafa. Baadaye Wasomali wasio na hatia wakapigwa mitaani huko Eastleigh. Machi 2014, waumini walipigwa risasi ndani ya kanisa kwetu Likoni. Tangu miaka ile makanisa mengi yana walinzi na mashine za kupekua langoni. Ukifika na kanzu na mkoba begani, mlinzi atakutazama mara mbili. Usikasirike. Anayemlinda ni mtoto. Dawa yake ni nyepesi: fuatana na jamaa wa mfiwa au jirani mwingine, mkoba uache nyumbani, toa kitambulisho ukiombwa, useme umekuja mazishi ya nani.

Hofu ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni ya kutojua kinachofanyika ndani. Sisi msikitini tunavua viatu na kofia inabaki. Kanisani ni kinyume: viatu vinabaki, na mwanamume huvua kofia. Mhudumu akikunong'oneza uivue, hajakutukana. Dada zetu wenye hijabu au buibui hawaulizwi kitu. Wanaume na wanawake huketi benchi moja. Ukitaka, kaa benchi za nyuma, karibu na mlango.

Misa ina kusimama, kukaa na kupiga magoti. Wakisimama, simama kwa heshima. Wakipiga magoti, wewe kaa kimya, hakuna atakayekushurutisha. Ishara ya msalaba na nyimbo si zako. Kuna wakati wataambiwa watakiane amani, na aliye karibu nawe atakunyoshea mkono. Mpe mkono, na kama ni mwanamke nawe hushiki mkono wa asiye maharimu wako, weka kiganja kifuani na utabasamu. Kikapu cha sadaka kikipita, si lazima utie kitu. Wakati wa komunyo watu wanapopanga foleni kwenda mbele, baki ulipo. Mkate ule ni wa Wakatoliki, na hata baadhi yao hawaendi, kwa hivyo hutabaki peke yako.

Makanisa ya Kipentekoste, ambayo Eastlands yamejaa, yana mambo mengine mawili. Wageni wanaweza kuombwa wasimame wajitambulishe: taja jina lako na kwamba wewe ni jirani, kisha uketi. Mchungaji pia anaweza kuwaita mbele wanaotaka kuokoka. Huo ni mwito kwa anayetaka, kwa hivyo tulia mahali pako.

Miaka mitatu baada ya siku ile ya langoni, mume wa mama yule naye akafariki. Safari hii nilimwambia binti yake siku moja kabla: nitakuja, lakini sijui mambo yenu. Akacheka katikati ya machozi, akasema, "Baba, wewe kaa na mjomba." Mlinzi alinipekua, nikavua kofia nikaitia mfukoni, nikaketi karibu na mjomba benchi la pili kutoka nyuma. Moyo ulinidunda mpaka wimbo wa kwanza ulipokwisha, halafu ukatulia. Nilikuwa mtu aliyekuja kuzika, kama wenzangu wote mle ndani.

Kuna ndugu msikitini aliniuliza kama sikuona vibaya. Nilimjibu kwamba nilikwenda na Uislamu wangu na nikarudi nao, na adhuhuri niliiwahi jamaa.

Jeneza lilipotolewa, mama alilifuata akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Alipofika kwenye benchi letu akasimama kidogo, akanitazama, akatikisa kichwa mara moja, akapita. Baadaye jioni mlango wetu ulibishwa. Alikuwa mjukuu wake, ameleta sahani ya wali.